Waya Uliochubuka na Gurudumu Lisiloshuka

Ninyi wa Michenga na Ifakara mmepata kuona eropleni ndogo ikipita juu ya mashamba ya mpunga na kushuka kiwanjani. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, chombo kile kikipatwa na moto huko juu, pasipo mto wala kisima, watu watafanyaje?" Swali lake ni jema, nami leo nataka kulijibu.

Kwanza fikirini baiskeli yenye taa ya dainamo. Mara nyingi waya mmoja tu huenda kwenye taa; njia ya pili ya umeme ni chuma cha baiskeli chenyewe. Mpira wa waya ukichubuka na shaba ikagusa chuma, umeme hupita njia fupi, na taa huzimika. Hapo hasara yako ni giza tu, maana nguvu ya dainamo ni haba. Lakini katika eropleni nyingi za chuma mwili wa chombo nao ni njia ya umeme, na betri yake ina nguvu nyingi. Waya uliochubuka kwa kutikisika kila siku huweza kupata moto mkali na kuunguza vilivyo karibu nao.

Tarehe 12 Julai 2013 eropleni kubwa ya Waethiopia iliwaka moto huko London, nayo imesimama, haina abiria. Wachunguzi waliona ya kuwa yamkini chanzo chake ni nyaya za betri ndogo, ya mtambo wa kutoa ishara ya hatari, zilizobanwa chini ya kifuniko. Tazameni: chombo kikubwa vile, na sababu ndogo vile!

Rubani aonapo moshi wa umeme, huzima swichi kuu ili nyaya zikose nguvu, hutumia kizima-moto, kisha hutafuta kiwanja kilicho karibu. Lakini hapo huzuka shida ya pili. Katika eropleni nyingine magurudumu hukunjwa tumboni, na kushushwa kwa nguvu ya umeme. Umeme ukizimwa, nani atayashusha? Kwa hiyo mafundi waliweka njia nyingine, kama mkono wa kuzungusha au pampu ya kusukuma.

Hata pasipo moto, magurudumu huweza kukosa kushuka. Kwa kawaida taa tatu za kijani humwambia rubani ya kuwa yako tayari. Moja isipowaka, huenda akapita chini juu ya kiwanja ili walio chini wamtazamie. Basi mkiona eropleni ikizunguka mara nyingi, msidhani inacheza. Ondoeni upesi ng'ombe na watoto kiwanjani.

Wala jambo hili si la mbali. Huko Mikumi, katika kiwanja cha Kikoboga, tarehe 28 Novemba 2023, eropleni moja iliharibika magurudumu ilipotua. Na siku ile ile nyingine ikapata ajali ilipokuwa ikiondoka. Kwa bahati njema hakufa mtu.

Ikiwa chombo kimeanguka karibu nanyi, msikikaribie na sigara wala taa ya moto. Moto wa petroli msiumwagie maji, kwa maana petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka. Na penye umeme maji yaweza kumdhuru anayeyamwaga. Wanaotoka waiteni waende mbali, upande unakotoka upepo.

Sasa, mwanafunzi wangu, jibu lako ni hili. Moto wa angani yafaa uzimwe chini, kabla ya safari, na fundi asiyeona haya kusema: "Waya huu umechubuka, chombo hakiruki leo." Najua neno hilo ni zito, iwapo mgonjwa amelala kiwanjani akingojea kupelekwa hospitali. Lakini fundi anyamazapo kwa kumhurumia mgonjwa mmoja, aweza kumpoteza yeye na wote watakaopanda pamoja naye.

Kwa herini.