Bibi Titi na Uongozi wa Kina Mama



Tukiwa tunaadhimisha Uhuru wa Tanganyika, nimeomba nafasi nimzungumzie Bibi Titi Mohamed.

Mwaka 1955 TANU, chama kilichodai Uhuru, ilikuwa changa na wanawake ndani yake walikuwa wa kuhesabika. Bibi Titi, mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Shule hakwenda mbali, lakini mitaani aliaminika. Alipokabidhiwa kitengo cha wanawake, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma mmoja mmoja. Nao wakawaita wenzao, na kina mama kwa maelfu wakakata kadi. Wapo waliozificha ili waume zao wasizione. Kisha akapanda majukwaani na kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, wakaizunguka nchi kudai Uhuru.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika ubunge na uwaziri mdogo, akaongoza pia UWT, umoja wa wanawake. Lakini siasa ina mabonde. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge, jimbo la Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, lilipowakataza viongozi, yeye akiwamo, kupangisha nyumba, alijiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Alikana, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe. Akaishi kimya miaka mingi kabla taifa halijamkumbuka tena. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake.

Ndugu zangu, TANU ilipata nguvu ilipowapa nafasi wanawake ambao watu walikuwa tayari wanawasikiliza. Sisi tunao wanawake kama hao hapa hapa katika jumuiya yetu. Msiba ukitokea, nani hufungua daftari la michango usiku uleule? Nani hupiga simu nyumba kwa nyumba mpaka nauli ya kusafirisha mwili ipatikane? Ni kina mama. Lakini uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ukifika, tunawapa kamati ya chakula, tunasema tumewashirikisha. Hiyo si haki, na jumuiya yetu inapata hasara.

Uchaguzi wetu umekaribia. Dada zangu, mama zangu, chukueni fomu za uenyekiti, ukatibu na uhazini. Kaka zangu, tuwapigie kura, na wakishinda tuwape ushirikiano.