Picha Zinazobaki Mkekani: Mpiga Picha wa Mitindo na Potifolio Yake



Mpiga picha wa mitindo akiitwa aonyeshe kazi yake, mara nyingi hubeba kila alicho nacho. Kuna ruracio ya Jumamosi, mahafali, keki ya harusi, magauni ya kitenge ya fundi wa mtaani, na mwanamitindo aliyesimamishwa kando ya reli jua likizama. Picha mia moja na zaidi. Mwenye kutoa kazi huzipitisha kwa kidole, husema "safi sana," kisha kazi humpa mtu aliyeleta picha kumi na nane. Aliyenyimwa hurudi nyumbani akiilaumu kamera yake.

Kamera haina kosa. Potifolio ile ilionyesha kwamba anajua kupiga picha, lakini haikuonyesha yeye ni nani. Mtindo wa mtu haununuliwi dukani, wala hauletwi na programu ya kubadilisha rangi. Aghalabu umo tayari ndani ya zile picha mia, umefunikwa na picha ambazo yeyote mwenye kamera angeweza kuzipiga. Hizo ndizo za kutolewa.

Peter Lindbergh, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1944, alilijua hilo mapema. Mwaka 1988 aliwapiga wanamitindo kadhaa ufukweni Santa Monica, Marekani, wakiwa wamevaa mashati meupe makubwa, karibu bila vipodozi, wakicheka, kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Zama hizo mitindo ilikuwa nywele zilizotunishwa na mabega mapana, na wahariri wa Vogue ya Marekani hawakuzitaka picha zile. Leo ni miongoni mwa picha zinazotajwa kwanza akitajwa yeye. Na mwishoni mwa maisha yake, alipoandaa maonyesho yaliyofunguliwa Düsseldorf mwaka 2020, miezi michache baada ya kifo chake, alichagua mwenyewe picha zipatazo 140 kutoka kazi ya miongo kadhaa. Uchaguzi huo ulimchukua miaka miwili. Kijana mwenye miaka mitatu kazini anaweza kutoa wikendi moja.

Hapa nyumbani yupo Osborne Macharia, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuingia kwenye picha. Akina nyanya waliovalishwa kama matajiri wa jiji. Hadithi ya kubuni ya Magadi kuhusu ngariba walioacha kisu wakageukia mitindo. Lifute jina lake, na picha bado itamtaja.

Njia yenyewe ni ya mikono. Picha sitini hivi zisafishwe kwa ukubwa mdogo, zile za bei ya chini kabisa, zitandazwe mkekani. Kwenye simu jicho huona picha moja moja. Mkekani huona undugu wake. Mpiga picha azunguke na kuuliza mambo ya kawaida: mwanga unatoka wapi mara nyingi? Anasimama karibu na mtu au mbali? Watu wake wanatazama kamera au wanaikwepa? Nguo imetulia au inapeperuka? Pengine atagundua kwamba picha zake kumi na moja bora zote zilipigwa mlangoni, uso nusu kivulini. Hakupanga iwe hivyo, na huo ndio mwandiko wake.

Hapo ndipo maumivu huanza. Picha ngumu kuitoa ni ile iliyogharimu: gari lilikodishwa, mwanamitindo alilipwa, mvua ikanyesha. Mtazamaji haioni gharama hiyo. Inafuata picha iliyopendwa na watu elfu mtandaoni, ambao huenda walimpenda aliyepigwa tu. Kisha ile ambayo fundi wa nguo anaisifu kwa sababu kila kifungo kinaonekana. Hiyo ni picha nzuri ya vifungo, na mahali pake ni kwenye katalogi ya fundi. Harusi nazo zina heshima yake na ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Zikae kwenye jalada la pili, kwa wateja wa harusi.

Ni vyema kumwita mtu mwingine atazame, asiwe mama wala rafiki wa karibu. Asiulizwe ipi nzuri. Aulizwe zipi zinaonekana zimepigwa na mtu mmoja.

Zikibaki ishirini, zipangwe. Ya kwanza iwe ile inayomtambulisha mpiga picha haraka kuliko zote, na ya mwisho isiwe dhaifu, kwa kuwa ndiyo mtazamaji anayoondoka nayo. Mbili zinazofanana sana zisikae pamoja; moja yao haina kazi. Na kwa kila uso uliobaki, ridhaa ya mwenye uso iwepo kwa maandishi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusa pia matumizi ya kibiashara ya picha ya mtu.

Zile arobaini zilizotolewa zisitupwe. Zitiwe kwenye bahasha, tarehe iandikwe juu, na baada ya miezi sita mkeka utandikwe tena. Mara nyingine picha iliyoonekana kioja mara ya kwanza ndiyo hurudi na kukaa mbele, kama yale mashati meupe ya Santa Monica.