Nguvu za Mwendo Ndani ya Gari

Gari likifungwa breki kwa ghafula, abiria husema amesukumwa mbele. Hakuna aliyemsukuma. Mwili wake ulikuwa ukienda mbio sawasawa na gari. Gari limezuiwa, mwili haukuzuiwa, nao huendelea na safari mpaka ukutane na kitu cha kuusimamisha: kiti, kioo, au mkanda.

Mama aliyempakata mtoto hudhani mikono yake yatosha. Haitoshi. Gari liendalo kilomita 40 kwa saa likigonga mti na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huivuta mikono ile kwa nguvu ipitayo uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya kuumiza iliyomo huongezeka mara nne. Kugonga ukuta kwa kilomita 80 ni kama kuanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 25.

Mkanda hauiondoi nguvu hiyo. Huitawanya juu ya mifupa imara ya kifua na nyonga, na kuurefusha kidogo muda wa kusimama. Mwaka 2004 matatu za Kenya zililazimishwa kuwa na mikanda, ambayo abiria wengi, ajabu, waliifunga walipomwona askari tu.