JINA LA BOSCO: ASILI YAKE, SAFARI YAKE NA MAANA YAKE KWETU
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakristu wa Lubudi siku ya yubile)



Wengine wamekwisha kusimulia jinsi nyumba hii ya Mungu ilivyosimama. Sisi tumechagua kitu kidogo kisichobeba matofali wala saruji, nacho ni jina. Mwalimu akiita «Bosco!» mbele ya darasa, mara nyingi watoto wawili au watatu wanaitika pamoja. Tunalipenda jina hilo. Lakini tukiulizwa maana yake, wengi wetu tunanyamaza. Basi tulifuate mpaka kwenye shina lake.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: Bosco si jina la ubatizo. Ni jina la jamaa, nalo ni la Italia. Jina la ubatizo la mtakatifu wetu lilikuwa Giovanni, yaani Yoane. Na neno «Don» si jina hata kidogo. Ni heshima ambayo Waitalia wanampa padri, nayo inatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya «Bwana».

Kwa Waitalia, mpaka mwaka wa 2022, jina la jamaa lilikuwa likitoka kwa baba na kwenda kwa watoto wote, kizazi hata kizazi. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mtu alikuwa na jina moja tu, na majirani waliongeza neno ili wasimchanganye na mwingine. Mhunzi aliitwa Ferrari au Fabbri. Mwenye nywele nyekundu aliitwa Rossi. Mwana wa Petro aliitwa Di Pietro. Kule Napoli, mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni pasipo wazazi alipewa jina Esposito, maana yake «aliyewekwa nje». Na leo jina hilo la huzuni linabebwa na watu wengi wenye heshima. Polepole maneno hayo yakawa urithi. Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka wa 1563, uliwaagiza maparoko kuandika ubatizo na ndoa katika vitabu, na kalamu ya padri ikasaidia kuyakaza majina hayo yasibadilike tena.

Na Bosco ni nini? Ni «msitu». Mtu aliyekaa karibu na msitu aliitwa wa msituni, na watoto wake vilevile. Si jina la kifalme, wala si neno takatifu. Katika Italia ziko jamaa nyingi za Bosco zisizo na undugu wowote, kwa sababu misitu ilikuwa mingi.

Jamaa tunayoitafuta ilitoka upande wa Chieri, katika jimbo la Piemonte. Babu yake mtakatifu, Filippo Antonio Bosco, alihamia Castelnuovo d'Asti mwaka wa 1793 kulima shamba la mtu mwingine. Yoane alizaliwa kule Becchi tarehe 16 Agosti 1815. Hakuwa bado na miaka miwili wakati baba yake Francesco alipokufa. Mama yake, Margherita Occhiena, akabaki mjane na watoto wa kulisha katika miaka ya njaa. Jina la Bosco lilikuwa karibu urithi wote ambao yatima huyu aliachiwa na baba yake.

Inasimuliwa kwamba katika seminari ya Chieri walikuwa wanafunzi wawili wenye jina hilo. Ili wasichanganywe, mmoja alisema: mimi ni Bosco wa nespolo, mti mgumu wenye vifundo. Yoane akajibu: mimi ni Bosco wa «sales», neno la Kipiemonte kwa mti laini unaoota penye maji, unaopindika bila kuvunjika. Ulikuwa mchezo wa vijana tu. Lakini tarehe 18 Desemba 1859, akiwa padri wa vijana maskini wa Torino, alianzisha shirika na kuliweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko wa Sales, na watu wakaliita la Wasalesiani. Alifariki tarehe 31 Januari 1888. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Hata kijiji chake kilikuwa kimekwisha kubadilisha jina: tangu mwaka wa 1930 kinaitwa Castelnuovo Don Bosco. Msitu ulimpa mtu jina, mtu akaupa mji jina.

Namna gani jina hili lilifika kwetu? Wasalesiani wa kwanza, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, waliingia Elisabethville, leo Lubumbashi, mwezi wa Novemba 1911. Walifundisha vijana kusoma, na kazi za mikono pia. Wazazi wa Katanga, kwa kumpenda yule mlinzi wa vijana, wakafanya jambo ambalo lingewashangaza wazee wa Becchi: walilichukua jina la jamaa na kulifanya jina la ubatizo. Ndivyo walivyozaliwa akina Jean-Bosco wetu. Goretti na Savio yamepita njia ileile; na Gonzague, lililokuwa jina la mji kabla ya kuwa la jamaa, vilevile.

Wandugu, kwetu jina lilikuwa kitu kikubwa hata kabla ya misioni. Kwa Waluba wa Kasai, waliokuja huku kwa kazi ya reli na shaba, mapasa wanaitwa Mbuyi na Kabanga. Kule Bunkeya, katika teritwari yetu hii ya Lubudi, wafalme wa Bayeke wanapokezana jina la Mwenda tangu siku za M'Siri. Mtoto anapewa jina la babu ili babu asipotee.

Ndiyo maana jaribu la mwaka wa 1972 liliumiza. Nchi ilikuwa imeitwa Zaire tangu tarehe 27 Oktoba 1971. Rais Mobutu aliacha majina yake ya Joseph-Désiré, na raia wote waliamriwa kuyaacha majina kama hayo. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula wa Kinshasa, aliyesimama kupinga, ilimpasa kukaa Roma kwa miezi. Watu wengi walikuwa na jina moja katika karatasi za Leta, na jingine katika midomo ya mama zao. Baada ya tarehe 24 Aprili 1990, chama kimoja kilipofika mwisho, majina ya ubatizo yalirudi mbele ya watu.

Tuseme nini leo, wakati jamaa fulani bado zinagombana mbele ya mtoto mchanga, wazee wakitaka jina la babu, vijana wakitaka jina la mtakatifu? Tuseme kwamba ubatizo hausimami juu ya jina la Ulaya. Unasimama juu ya maji, na juu ya jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Bosco ilikuwa neno la miti tu mpaka mtu mmoja alipoishi vizuri ndani yake.

Na majina yetu vilevile. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yoane Paulo II alimtangaza mwenye heri, huko Kinshasa, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka wa 1964. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka wa 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kibovu kisipite mpakani. Bwana Chui! Hakuna anayehitaji kamusi kulielewa jina hilo. Labda siku moja watoto wa Italia wataitwa hivyo, kama wetu wanavyoitwa Bosco.

Basi, wazazi, msiwanyime watoto babu zao, wala msiwanyime watakatifu. Na ninyi vijana mnaoitwa Bosco, jina mmelipata bure. Deni lake ni maisha yenu. Mungu aibariki parokia yetu, na majina yetu yote yaandikwe mbinguni.