TAA ZA KRISMASI NJE YA NYUMBA
(Mazungumzo yaliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Krismasi yakaribia, na wengi wetu twataka kupamba baraza kwa taa za rangi. Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1882 huko New York, Edward Johnson, aliyefanya kazi na Edison, alifunga balbu 80 za umeme katika mti wake wa Krismasi. Siku hizi taa hizo zapatikana madukani kwetu. Ni furaha njema, lakini stima ya Kenya ni volti 240, nayo huua sikukuu kama siku nyingine.

Kwanza, pangeni kabla ya kununua. Pimeni kwa kamba kutoka soketi mpaka mwisho wa baraza. Someni boksi: liseme taa ni za nje. Alama IP44 maana yake matone ya maji hayaingii. Taa za ndani zibaki ndani, kwa kuwa Desemba mvua yaweza kunyesha. Taa za LED ni bora: hutumia stima kidogo na hazipati moto sana.

Pili, fanyeni hesabu. Volti mara ampea ndizo wati. Plagi yenye fyuzi ya ampea 3 yabeba wati 720 tu. Jumlisheni wati za taa zote, wala msitie pasi katika waya huo huo. Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi aalika moto nyumbani.

Tatu, jihadharini na mabati. Ukingo wa bati hukata kama kisu. Upepo ukitikisa waya juu yake, ngozi ya waya hukatika na paa lote laweza kuingia stima. Mtoto akishika bati, au waya wa kuanikia nguo uliofungwa hapo, aweza kufa. Pitisheni waya kwenye mbao, kwa vishikio vya plastiki, si misumari. Viungo viwe mahali pakavu. Tepu peke yake haizuii mvua. Mwiteni fundi mwenye leseni aweke kile kifaa kinachokata stima mara inapovuja, cha miliampea 30.

Nne, ngazi. Zimeni stima kwanza. Ngazi ikigusa ukuta futi 12 juu, mguu wake uwe futi 3 kutoka ukutani, na mwenzako aishike. Ngazi ya chuma isikaribie nyaya za barabarani.

Mtu akikamatwa na stima, msimguse. Zimeni swichi kuu kwanza, ndipo mmsaidie.

Tena, wako wenzetu, walinzi na watumishi wa nyumbani, wanaoamriwa na tajiri kupanda paa na mvua inanyesha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu mkubwa wake, na mwajiri asimrudishe kazini hapo hatari ingalipo. Semeni kwa adabu, lakini semeni. Kisha leteni habari kwa katibu wa tawi.

Kabla ya kulala, zimeni taa zote. Twataka Januari tuonane hapa sote, bila kiti kitupu.

Krismasi njema.