Akiba Haiozi, Lakini Diski Huoza



Majira ya baridi yaliyopita, hapa hapa Laurel, tulikusanyika familia nzima tutazame harusi ya binti yetu iliyofanyika Tanga. Tulipochomeka diski ya nje, ikatoa mlio, tik, tik, tik, isifunguke. Humo mlikuwa na picha za miaka 12, na sauti ya bibi akiwasimulia wajukuu hadithi. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na sauti ile hatukuwa nayo pengine.

Tuliwaendea mafundi, wakatueleza. Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake bila kugusa. Kikigusa, kinakwaruza. Ukisikia mlio ule, zima mara moja umpelekee fundi. Sisi tuliizima na kuiwasha tena na tena, tukazidisha madhara.

Kuna na ugonjwa usio na mlio. Faili huharibika kimyakimya. Picha inafunguka nusu, nusu kijivu. Ukiinakili mbovu juu ya nzima, umepoteza zote mbili. Hata mtandaoni, huduma nyingi hufuata simu yako: ukifuta picha hapa, na kule inafutika. Tuchague zinazotunza matoleo ya zamani.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ameieneza kanuni rahisi ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Hapo sisi wa ughaibuni tuna bahati, maana tuna kwetu kuwili. Tukienda likizo tubebe diski moja, tumwachie shangazi kabatini. Tuifunge kwa nywila, kwa kuwa ina nakala za pasi na vyeti vyetu.

Na kila tarehe 9 Desemba, tunapokumbuka mwaka 1961, tuzifungue nakala zote tuhakikishe zinasoma. Vijana, kazi hiyo tunawakabidhi ninyi. Wazee, leo jioni kaeni na wajukuu, wawarekodi mkisimulia. Kisha msilale kabla hamjanakili mara tatu.

Uhuru na Umoja!