KABLA HUJALETA MBWA NYUMBANI

(Maneno ya Katibu wa Chama wa tawi letu katika mkutano wa wanachama wa ushirika, hapa Kilema. Yameandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Leo sisemi habari za mbolea. Nasema habari za mbwa, na msicheke. Tangu wezi waanze kubeba kahawa usiku kwenye vichanja, watu ambao hawajapata kufuga mbwa wananiuliza, "Katibu, nitapata wapi mtoto wa mbwa?" Kumpata ni rahisi. Je, umejiandaa?

Mimi sikujiandaa. Naungama mbele yenu, maana wengine mnakumbuka. Mbwa wangu wa kwanza nilimchukua kama mtu anavyookota kuni njiani. Bwana mifugo alimchoma sindano, akanipa kadi. Nikaichomeka darini, nikadhani kazi imekwisha. Wakati huo sikujua kusoma. Mwaka wa pili kamba ikakatika, mbwa akatoka kihambani, akamng'ata mtoto wa jirani mguuni. Nilikimbia na kadi yangu hadi hospitali, nikaionyesha kwa kujivuna. Muuguzi akaisoma, akaniangalia. "Baba, muda wa chanjo hii ulikwisha miezi saba iliyopita."

Tarehe ilikuwa imeandikwa wazi. Niliitunza kadi lakini sikujua inasema nini.

Mtoto alichomwa sindano zote alizopangiwa. Nilizilipia kwa kuuza mbuzi wawili. Mbwa alifungwa akaangaliwa siku kumi, kwa sababu mbwa ambaye mate yake yana ugonjwa hafikishi siku hizo akiwa mzima. Wangu alizifikisha. Lakini siku kumi zile sikulala, na mama wa mtoto alikuwa akipita langoni kwangu bila kusalimu. Haki yake. Baada ya hapo nilijiandikisha kisomo cha watu wazima. Kitu cha kwanza nilichosoma bila kusaidiwa ni ile kadi.

Ndugu zangu, kichaa cha mbwa si mchezo. Mtu akishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Katika kila watu 100 wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, 99 wameambukizwa na mbwa. Ng'ombe na mbuzi nao huugua. Lakini unazuilika. Mwaka 1885 huko Ufaransa Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa, na mtoto yule akaishi. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako ni kinga ya kijiji kizima. Huo nao ni ushirika.

Basi, kabla hujaleta mbwa:

1. Kaeni kikao nyumbani. Nani atamlisha watoto wakiwa shule? Mbwa anaweza kuishi miaka kumi na zaidi.

2. Jenga banda lisilovuja, lililoinuka toka ardhini. Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Nunua mnyororo, usitegemee kamba ya mgomba. Usiku afunguliwe, lakini ndani ya uzio.

3. Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki nane.

4. Tenga pesa mapema, ukipokea malipo ya kahawa. Chanjo ya kichaa huchomwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo pia, kama bwana mifugo atakavyokupangia.

5. Mabaki ya ugali au kiburu na dagaa kidogo vinamtosha, na maji safi kila siku. Siku ya kuchinja usimtupie mapafu au maini mabichi yenye vifuko vya maji. Humo mna mdudu anayeingia kwa mbwa, kisha kwa kinyesi chake humpata mtu.

6. Ukichukua jike, jua kwamba mimba yake ni kama siku 63 tu. Watoto utawapeleka wapi? Ukiwatupa barabarani, ndio watakaotung'ata kesho.

Na mtu aking'atwa, msimpake majani wala kusubiri kesho. Mwosheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ile ile. Hata kama ni kidonda kidogo, jamani.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kila mwaka ikifika, kila mwenye mbwa aitoe kadi yake darini aitazame. Na asiyejua kusoma aje nayo kwangu jioni, tutaisoma pamoja. Hakuna aibu hapo. Aibu niliyoijua mimi ni ile ya hospitali.